Pembe za Mapembeni si za Ndovu

Kila anayepita Barabara ya Moi, Mombasa, ile ya Kilindini ya zamani, mahali paitwapo Mapembeni, anazijua: pembe nne nyeupe zinazokutana juu ya njia mbili za magari. Wageni hupigwa picha hapo mchana kutwa, na aghalabu huondoka na maelezo ambayo hayasimami. Pembe hizi ni kumbukumbu ya mji wangu, nami naona uchungu zikisemewa uongo.

La kwanza, kwamba ni pembe halisi, halihitaji maneno mengi. Ni mabati ya alumini. Pembe ya ndovu wa Afrika iliyo ndefu kuliko zote zilizowahi kupimwa haikufika mita 4, na chini ya hizi mabasi hupita bila kugusa.

La pili ndilo linaloshikiliwa zaidi: ati Malkia Elizabeth alipita chini yake mwaka 1952. Mapokezi yalikuwa yameandaliwa, hilo ni kweli. Meli Gothic ilikuwa imetia nanga Mombasa ikimngoja, impeleke Australia na New Zealand. Lakini tarehe 6 Februari baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki, na habari zikamfikia binti huyo akiwa Sagana, upande wa Nyeri. Siku hiyo hiyo alipanda ndege Nanyuki mpaka Entebbe, na kutoka huko akarudi London. Alikuja Kenya binti mfalme, akaondoka malkia, na Mombasa hakuiona. Gothic ikabaki bandarini bila abiria wake. Aliyefika kweli ni mdogo wake, Margaret, mwaka 1956. Kwa hiyo anayesimulia safari ya Elizabeth chini ya pembe anasimulia ratiba iliyokufa kabla ya siku yake.

Wengine husema zilijengwa ziandike herufi M, ya Mombasa. Ukizitazama kwa mbali, M unaiona, sikatai. Ila hilo ni la jicho. Lililokusudiwa ni lango la heshima kwa mgeni, na pembe zilichaguliwa kwa sababu kila mtu alijua mji huu ulivyofungamana na biashara ya pembe za ndovu. Misafara ilizileta kutoka bara zikiwa mabegani mwa watu, na wakati wa ukoloni serikali ilizinadi papa hapa Mombasa.

Hapo ndipo ninapotofautiana pia na wanaosema pembe ni wazo la Mwingereza tu, lisilotuhusu. Pwani hii ilimheshimu mtawala kwa pembe kabla Mwingereza hajafika. Siwa ya Pate, baragumu iliyochongwa kwa pembe ya ndovu na yenye urefu unaozidi mita 2, ilipulizwa katika sherehe za wenye enzi. Ipo Makumbusho ya Lamu, kaitazameni. Kwa hiyo ishara ilikuwa yetu. Aliyesimamishiwa ndiye hakuwa wetu.

Na hili la mwisho naliona kubwa kuliko yote: kwamba nchi nzima ilishangilia ziara hizo za kifalme. Nani aliulizwa? Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, miezi minane baada ya Elizabeth kuondoka. Mwaka wa ujio wa Margaret, tarehe 21 Oktoba, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa. Maelfu walikuwa kizuizini. Mombasa yenyewe, kwa mkataba wa 1895, ilihesabiwa kuwa ardhi ya Sultani wa Zanzibar, na bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu huku barabara ikipambwa kwa ajili ya ukoo wa London. Mapambo yanaonyesha aliyekuwa na amri ya kupamba. Hayaonyeshi yaliyokuwa mioyoni mwa waliosimama kando ya njia.

Sisemi zibomolewe. Kenya ilichoma tani 12 za pembe halisi mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016, na hizi za alumini zimebaki, nazo zibaki. Lakini wewe unayewatembeza wageni, ukifika Mapembeni waambie habari ya Gothic iliyongoja bure, waambie habari ya siwa ya Pate, na umtaje Kimathi.