BARGHASH ALITOROKA KWA NGUO ZA KIKE, WATU WAKE WAKAFIA MARSEILLE

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Sumbawanga

Ndugu msomaji, tuulizane bila kuoneana haya. Ni mara ngapi umekaa kijiweni ukamtetea kigogo mmoja dhidi ya kigogo mwenzake mpaka mishipa ya shingo ikakusimama? Huyu ni wa ukoo bora, yule kadhulumiwa nafasi yake, huyu laiti angekalia kiti yeye mambo yangenyooka! Unarudi nyumbani usiku, ugali umepoa, na yule uliyekuwa ukimpigania hata jina lako halijui.

Leo nakuletea kigogo wa aina hiyo. Anaitwa Barghash bin Said. Shuleni tulisomeshwa kwamba ni Sultani wa Unguja aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Tukakariri, tukafanya mtihani, tukasahau. Ambacho hakikutiliwa mkazo ni kwamba kabla ya kuwa Sultani, bwana huyu alijaribu mara mbili kumnyang'anya kaka yake utawala, akashindwa mara zote mbili, na gharama ikalipwa na watu ambao majina yao huyaoni kwenye kitabu chochote cha shule.

Utasema: wewe mtu wa Sumbawanga, Unguja inakuhusu nini? Subiri.

Sisi huku Ufipa visa vya kunyang'anyana kiti tunavijua kabla hatujaona karatasi. Nenda Milanzi, ambayo leo ni kata ndani ya manispaa yetu, uliza wazee. Watakusimulia kuhusu mtawala wa kwanza, Ntatakwa, aliyekwenda kuwinda akamwonya mkewe: watakuja wageni, usiwape kigoda changu. Wakaja wanawake watatu wageni. Mke akawapa kigoda. Ntatakwa kurudi, kiti kina mtu! Hakumwaga damu. Alibaki na mlima wake na kazi za matambiko, na utawala ukaenda kwa ukoo wa Watwachi, ambao baadaye waligawanyika wenyewe kwa wenyewe, Nkansi kaskazini na Lyangalile kusini. Sasa niambie, yule Mfipa aliyekuwa akiinua matuta ya intumba bondeni, aliulizwa nini siku ile? Hakuulizwa. Asubuhi aliamka akaambiwa mwene ni mwingine, akaendelea kulima. Lakini angalau hakuna aliyekuja kumwita akafe kwa ajili ya kigoda. Huko Unguja waliitwa.

Twende sasa. Oktoba 1856 Seyyid Said bin Sultan, tajiri wa karafuu na mtawala wa Oman na Unguja, alifia baharini akitoka Muscat. Barghash, kijana wa miaka kama 19, alikuwamo ndani ya meli hiyo hiyo. Kaka yake mkubwa, Thuwaini, alikuwa Muscat. Kaka mwingine, Majid, ndiye aliyekuwa akishika Unguja. Wewe ukifiwa na baba safarini unafanya nini? Unalia, unawatafuta ndugu zako. Barghash alishusha maiti ya baba yake kwa siri usiku, akaizika kimyakimya, huku akijaribu kuteka mji na ngome kabla Majid hajajua kwamba ni yatima. Wenye ngome wakamkatalia. Kulipokucha, Majid ndiye akawa Sultani. Hiyo ni njama ya kwanza. Kaburi la baba halijakauka!

Majid akamsamehe. Hapo ndipo utakapoona tofauti kati ya mtoto wa mfalme na wewe. Wewe ukikamatwa na kuku wa jirani unapigwa mpaka unasahau kwenu. Mtoto wa Sultani akikamatwa na ufalme wa watu anaambiwa nenda nyumbani ukapumzike.

Hakupumzika. Mwaka 1859 alianza tena, na safari hii alijipanga. Upande wake walikuwapo watu wa ukoo wa Al-Harthi, matajiri wakubwa wa mashamba na biashara, chini ya kiongozi wao Abdullah bin Salim. Konseli wa Ufaransa alikuwa akimwonea huruma, maana Waingereza walikuwa wa Majid, na mchezo wa wazungu hawa tangu enzi na enzi ni kwamba mmoja akishika kichwa mwingine anashika mkia. Wakamwingiza dada yao Khole, na dada mdogo aitwaye Salme.

Huyu Salme mtilie maanani. Alizaliwa 1844, kwa hiyo alikuwa na miaka 15 tu. Kwa siri alikuwa amejifunza kuandika, jambo ambalo mabinti wa jumba lile hawakufundishwa. Basi wakamfanya katibu wa njama. Barua za kuagiza bunduki na baruti, barua za kuwaita wakubwa wajiunge, zilitoka mkononi mwa mtoto wa miaka 15! Wanaume wazima wenye majambia kiunoni walikaa nyuma ya kalamu ya binti.

Njama ikavuja. Zinavuja zote, maana anayeuza siri ya Sultani leo atauza na ya kwako kesho. Majid akaizingira nyumba ya Barghash kwa mamia ya askari wa Kibaluchi. Huko nje ya mji, kwenye shamba liitwalo Marseille, wafuasi walikuwa wameshakusanyika na silaha, wanamsubiri kiongozi. Shamba lenyewe lilipewa jina hilo na kaka yao marehemu, Khalid, aliyependa mambo ya Kifaransa.

Kiongozi akatokaje? Khole na Salme walikwenda na msafara wa wanawake hadi mlangoni, wakawakemea askari kwamba mabinti wa Sultani hawazuiliwi kumwona ndugu yao. Askari wakaona haya, wakawapisha. Walipotoka, Barghash alikuwa katikati yao amefunikwa nguo za kike, yanaonekana macho tu. Wakamzungushia wanawake warefu kuliko wote ili urefu wake usimsaliti. Pamoja naye wakamtoa mdogo wao Abdul Aziz, mtoto wa miaka 12. Askari wakainamisha nyuso kwa heshima. Bwana mkubwa akapita.

Mimi simcheki mtu kwa kuvaa nguo za kike kuokoa roho yake. Roho ni tamu. Nawauliza tu wale wanaonisimulia ushujaa wake: ni njia gani ya kutorokea waliwekewa wale waliokuwa Marseille?

Majid alikwenda na jeshi la watu kama elfu tano, na Waingereza wakamkopesha mabaharia na mzinga kutoka manowari yao, Assaye. Kuta za Marseille zikapigwa mchana kutwa. Ndani walikuwamo watu wa Al-Harthi, askari wa kukodi, na watumwa wa mashamba waliopewa silaha na mabwana zao. Salme mwenyewe, ambaye baadaye aliandika kitabu cha maisha yake, aliwahesabu waliokufa kwa mamia. Mamia, msomaji! Usiku ulipoingia Barghash akapenya gizani, akarudi mjini, akajifungia nyumbani kwake. Shamba likabaki na maiti.

Mwisho wake ulikuwa wa aibu. Askari wa manowari wa Kiingereza walishuka, wakaimiminia nyumba risasi. Ndani zikapigwa kelele za kuomba amani. Konseli Rigby akaja mwenyewe kumchukua. Barghash akaapa mbele ya watu kwamba hatakula njama tena, akapandishwa kwenye Assaye ile ile iliyowaua watu wake, akapelekwa Bombay pamoja na mdogo wake Abdul Aziz. Baada ya miaka kama miwili alikuwa amesharudi Unguja.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo tunapogombana na wenzangu wa kijiweni. Wapo wanaosema Barghash alikuwa mpigania uhuru wetu, kwa sababu Majid alikuwa kibaraka wa Waingereza. Sehemu ya pili naikubali. Majid, ambaye ndiye aliyeanza kuijenga Dar es Salaam miaka ya 1860, alikalia kiti kwa mizinga ya wageni, na mwaka 1861 ni Canning, mwakilishi wa Malkia wa Uingereza huko India, aliyeamua kwamba Unguja na Oman zitengane na Majid amlipe Thuwaini riali 40,000 kila mwaka. Ndugu wawili wanagombea urithi, hukumu inatoka Kalkuta! Huyo ndiye Majid.

Lakini Barghash alitaka nini tofauti? Nitajie jambo moja tu. Alisema atawaachia watumwa waliokuwa wakichuma karafuu? Washirika wake ndio waliokuwa na mashamba na watumwa wenyewe. Alisema atampunguzia mkulima yeyote mzigo wowote? Alitaka kiti. Mtumwa aliyepewa bunduki Marseille, kama njama ingefaulu, asubuhi yake angenyang'anywa bunduki na kurudishiwa pakacha la karafuu. Kufa angekufa kwa ajili ya Barghash, kushinda angeshinda kwa ajili ya Barghash. Huo uhuru unaonisimulia ulikuwa wa nani?

Na usinijibu kwa nadharia, maana bahati nzuri tunajua alifanya nini alipokipata. Majid alikufa Oktoba 1870, Barghash akakaa. Kwa haki yake niseme: alileta maji mjini kwa mabomba kutoka chemchemi, na watu wakayanywa. Lakini yule aliyesifiwa kwamba hataki Waingereza akaongozwa na konseli wao John Kirk. Juni 1873 alifunga soko la watumwa. Jambo jema kabisa, ila hakulitaka yeye. Alitia saini baada ya kutishiwa kwamba manowari zitaziba bandari yake. Mwaka 1884 Karl Peters akapita bara na makaratasi yake ya ulaghai. Barghash akalalamika. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikaelekeza mizinga kwenye jumba lake, akanyamaza. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakakaa wenyewe, wakampimia ukanda wa maili kumi za pwani, bara wakagawana. Wale wale aliowaona 1859 wakiamua ugomvi wa nyumbani kwao ndio waliokuja kuamua nyumba nzima.

Umeuliza Ufipa inahusika vipi? Hapo. Mnamo 1880 Mskoti Joseph Thomson alipita kwetu, akaona watu watulivu, wakulima, wanaofuma nguo zao za pamba wenyewe. Nguo na shanga za pwani zilikuwa zimeshafika, na nyuma ya biashara hiyo yote kulikuwa na jina la Sultani wa Unguja. Kufikia 1890 ramani ilikuwa imeshachorwa, sisi tumo ndani ya koloni la Wajerumani, na haukupita muda mrefu boma lao likasimama Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wakaliita Bismarckburg. Hakuna mfumaji wa Nkansi aliyewahi kumwona Majid wala Barghash. Lakini mlango walioufungua ndugu wale kwa kuita wageni waamue nani akae kitini, ndio waliopitia wageni hao mpaka huku kwetu.

Mnasema mtoto hurithi mali. Na tabia je? Barghash alikufa Machi 1888. Agosti 1896 mwanawe, Khalid bin Barghash, akaingia jumbani kwa nguvu saa chache baada ya Sultani Hamad kufariki. Waingereza wakampa muda atoke. Akakataa, akajaza watu na silaha ndani ya jumba. Tarehe 27 Agosti, saa tatu asubuhi, mizinga ya manowari ikafunguka, na haikufika hata saa nzima kila kitu kilikuwa kimekwisha. Watu kama 500 upande wa Khalid walikufa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Na Khalid? Alikuwa ameshapita mlango wa konseli ya Ujerumani! Wajerumani wakamvusha hadi Dar es Salaam, akaishi huko mpaka Waingereza walipomkamata 1916 katika vita kuu. Wakampeleka uhamishoni, kisha akaruhusiwa kurudi, akafia Mombasa mwaka 1927, kitandani. Baba alipata Bombay, mwana akapata Dar es Salaam. Waliobaki Marseille na waliobaki jumbani hawakupelekwa popote.

Na yule katibu wa miaka 15? Baada ya kushindwa, Salme alipatana na Majid, na kwa hilo Barghash hakumsamehe. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa meli ya Waingereza akiwa na mimba ya Mjerumani, akaolewa naye Aden mwaka uliofuata, wakahamia Hamburg. Mume akafa mapema kwa ajali, mwanamke akabaki na watoto katika nchi ya baridi. Agosti 1885 alirudi na meli za Wajerumani zile zile zilizokuja kumtisha kaka yake, akitaka urithi wake na kuonana na ndugu zake. Nao Wajerumani walimleta kwa faida yao. Alitembea mitaa ya mji, watu wa kawaida wakamsalimia na kumfuata kwa wingi. Aliyeandikiwa zile barua za 1859 alikuwa jumbani, Sultani wa Unguja. Salme aliomba kumwona. Barghash alikataa, na meli ikaondoka naye.