Kujipima nyumbani: Amana baina ya mja na Mola wake

Sifa njema zote zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, leo tutafakari juu ya jambo ambalo kwa nje laonekana kuwa ni la watu wa maabara pekee, nalo kwa undani wake lamhusu kila mwenye imani. Ni mtu kujichukua mwenyewe sampuli ya puani au kooni, akiwa nyumbani kwake, ili ijulikane kama ana virusi vya maradhi ya njia ya hewa.

Kazi hiyo ilizoeleka kuwa ya muuguzi. Maradhi ya korona yalipoenea mwaka 2020, ilidhihirika kwamba mgonjwa anayetoka kwenda kupimwa huweza kuwaambukiza wengine njiani, na muuguzi anayempima huwa hatarini. Ndipo likaulizwa swali: je, mtu wa kawaida aweza kujichukua sampuli ikafaa? Mwaka huo huo, katika jimbo la Washington nchini Marekani, wagonjwa 530 walijichukua sampuli wenyewe, kisha wakachukuliwa nyingine na wahudumu wa afya. Sampuli za puani walizojichukua ziligundua takriban 94 katika kila 100 ya waliogunduliwa kwa mkono wa mhudumu.

Uingereza nako, kuanzia Mei 2020 hadi Machi 2022, utafiti wa chuo cha Imperial College London uliwapelekea watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu vijiti vya pamba majumbani mwao, na wazazi wakawachukulia watoto wao wadogo. Katika awamu ya kwanza, wengi wa waliokutwa na virusi hawakuwa na dalili yoyote. Hilo ni zingatio kubwa: mtu aweza kujiona mzima, kumbe anambebea mzazi wake mauti.

Tarehe 9 Aprili 2021, siku chache kabla ya Ramadhani, wakazi wote wa England walianza kupewa bure vipimo vya haraka vya kujipima mara mbili kwa wiki. Yakazuka maswali: je, kijiti hakifunguzi? Wanavyuoni wengi walijibu kwamba hakiharibu funga, kwa kuwa hakipeleki tumboni chakula wala kinywaji. Na mwenye shaka alikuwa na usiku mzima wa kujipimia.

Lakini mimi naona swali zito zaidi si hilo la funga. Ni la amana. Hospitalini muuguzi anakuona. Chumbani hakuna akuonaye ila Allah. Mwenye safari au harusi aweza kukigusisha kijiti mlangoni mwa pua tu, kipimo kikatoa jibu alitakalo, akaenda kuwakumbatia wazee. Huyo amejitolea ushahidi wa uongo juu ya nafsi yake, na dini yetu imekataza kujidhuru na kuwadhuru wengine.

Wapo watakaosema kuwa ajali haina kinga, na kwamba kujipima ni upungufu wa kutawakali. Tuwakumbushe Sayyidna Umar (R.A.), aliyefika Sargh akielekea Sham, akapata habari ya tauni, akarejea na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kwamba anatoka katika kadari moja kwenda katika nyingine. Kisha Abdurrahman bin Auf (R.A.) akamjulisha mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asiikimbie. Tawakali hutanguliwa na kumfunga ngamia.

Hata hivyo, tusikifanye kipimo kuwa cheti cha usalama. Kipimo cha haraka husaka protini za kirusi, na huweza kukosa kuonyesha chochote pale virusi vinapokuwa vichache, hasa siku za mwanzo. Kipimo cha maabara ni makini zaidi. Mwenye homa na kikohozi abaki nyumbani, hata kama kijiti kimemsafisha.

Na hapa kuna haki ya jirani. Mtu anayeishi kwa kibarua cha siku, akisema kweli, watoto wake watalala njaa. Tukimwacha peke yake, sisi ndio tunaomshawishi kuficha. Basi anayejitangaza kuwa mgonjwa asinyanyapawe. Apelekewe chakula mlangoni na aombewe dua. Jamii inayotaka ukweli na iugharimie.

Wazazi, wafundisheni watoto kwamba ukweli wa chumbani ni sawa na ukweli wa msikitini. Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe waaminifu pale tusipoonekana na yeyote ila Yeye. Amin.

Wabillahi tawfiq.