Chuma cha Kuvutia Magari Kikaguliwe

KATIKA uwanda wa Kyela mvua haihesabiwi kwa siku, bali kwa miezi. Sehemu nyingi za wilaya hiyo hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka huko kabla ya kuingia Ziwa Nyasa. Udongo unaoletwa na mito ndio unaostawisha mpunga na kakao. Udongo huo huo ndio unaomeza magurudumu ya malori yanapofuata mazao Ngonga na vijiji vingine vya uwandani.

Lori linapokwama au kuharibika, hutafutwa lori jingine au trekta, na kati ya magari hayo mawili hufungwa chuma cha kuvutia. Chuma hicho kina faida ambayo kamba haina. Kamba huvuta tu. Haiwezi kulizuia gari bovu lisiligonge lililo mbele yake. Chuma huvuta na pia huzuia. Mji wa Tukuyu uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Katika mteremko wa namna hiyo, kuzuia ni muhimu kuliko kuvuta.

Inasikitisha basi kwamba kifaa hicho aghalabu hukumbukwa siku ya shida tu. Hulala nje kikinyeshewa na kuliwa na kutu. Kikipinda hunyooshwa kwa nyundo. Kikikatika huchomelewa juu juu, hupakwa rangi, kikahesabiwa kuwa kizima. Pini yake ikipotea, mahali pake huwekwa kipande cha nondo ya kujengea. Rangi huuficha ufa, lakini haiuzibi.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwa hesabu nyepesi. Lori la tani 15 likivutwa katika mwinuko unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, linavuta kurudi nyuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 1 na nusu. Hapo matope hayajahesabiwa. Dereva akiondoka kwa kushtua, nguvu hiyo huongezeka maradufu kwa nukta moja, na chuma hakinyumbuki kama kamba. Pini dhaifu ikikatika, gari bovu hurudi nyuma bila breki, na utingo aliye karibu hana pa kukimbilia.

Matengenezo ya chuma hiki hayahitaji miujiza. Kwanza rangi na kutu viondolewe, hasa penye maungio na matundu ya pini. Kisha papakwe mafuta ya taa, yaachwe yapenye, yafutwe mpaka pakauke, na juu yake ipakwe chaki. Penye ufa, mafuta yatarudi juu na kuchora mstari katika weupe wa chaki. Kipimo hicho hakimshindi mwalimu yeyote kukionyesha darasani, ingawa ufa mdogo mno unaweza kukipita.

Ufa ukionekana, usifunikwe kwa kuchomelea juu yake. Usagwe mpaka mwisho wake, ndipo pajazwe upya na fundi aliyefunzwa. Vijiti vya kuchomelea viwe vikavu kabisa, kwani katika hewa yenye unyevu kama ya Kyela, kijiti kilicholowa huacha ndani ya chuma chanzo cha ufa mwingine. Pini ya chuma kigumu isichomelewe, maana moto huiharibia nguvu yake; inunuliwe nyingine ya kipimo chake. Bomba lililopinda lisirudishwe kazini. Waliosema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wakisema ya nyumba peke yake.

Kifaa kizima nacho kinaweza kuua kikitumiwa ovyo. Gari linalovuta lisiwe jepesi kuliko linalovutwa. Lililokwama lipunguzwe mzigo na kuchimbuliwa kwanza, ndipo livutwe polepole. Wakati wa kufunga, magurudumu yazuiwe kwa vigingi, na baada ya hapo mtu yeyote asisimame kati ya magari. Pini zote mbili ziwe na vizuizi vyake, na mnyororo wa akiba ufungwe. Malori mengi yenye breki za upepo hujifunga upepo ukiisha. Anayezifungua bila kuunganisha mipira ya upepo kutoka gari la mbele analiacha gari bila breki hata moja. Swichi iwashwe ili usukani usijifunge, propela ifunguliwe ili giaboksi isiungue, na abiria wote washuke.

Yapo wanayoweza kufanya watumishi wa umma bila kungoja fungu jipya la fedha. Mkuu wa idara mwenye gari, na mkuu wa shule anayekodi lori la kubebea chakula au madawati, anayo haki ya kuuliza: chuma hiki kimekaguliwa lini, na nani? Magari ya Serikali yana Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, ulioanzishwa mwaka 2005 na ambao kazi zake ni pamoja na kuyatengeneza. Ukaguzi wa kifaa hiki uandikwe katika daftari la gari kama unavyoandikwa ukaguzi wa breki. Walimu nao wawaondoe wanafunzi kandokando ya lori linalovutwa, kwani tamasha hilo huwakusanya watoto wengi.

Pini mpya ina bei, na fundi hodari ana ujira wake. Lakini hakuna daftari la hesabu linaloweza kuandika bei ya utingo aliyebanwa kati ya malori mawili. Mvua zitarudi Ngonga kama kawaida yake, na malori yatakwama. Ukaguzi ufanyike sasa, wakati barabara bado ni kavu.