Kosa Linalofutika na Kosa Lisilofutika

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini jarida la huku kwetu litumie toleo zima kuzungumzia jinsi programu za kompyuta zinavyoundwa. Tunafanya hivyo kwa sababu huku Garissa, Wajir na Mandera, leo ni programu inayoamua kaya ipi itapata pesa za ukame, mfugaji yupi atalipwa malisho yakikauka, na kijana yupi atapewa kitambulisho au kurudi nyumbani mikono mitupu. Zamani mambo hayo yalikuwa mikononi mwa chifu na wazee, na aliyedhulumiwa alijua mlango wa kubisha. Sasa yamo ndani ya mashine iliyoundwa mbali, na walioiunda wana desturi zao za kazi. Ni haki yetu kuzijua desturi hizo na kuzihoji.

Desturi inayotawala siku hizi huitwa ajaili. Februari 2001 wasanidi programu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakaandika tamko fupi. Walikuwa wamechoshwa na miradi ambayo mahitaji yote huandikwa mwanzoni, mkataba ukatiwa saini, wahandisi wakajifungia miaka miwili mitatu, kisha wakatoka na mfumo ambao hakuna tena anayeuhitaji. Wao walitaka mtu aunde kipande kidogo kinachofanya kazi, ampe mtumiaji, asikie anachosema, arekebishe, ndipo aongeze kipande kingine. Tayari mwaka 1995 Ken Schwaber na Jeff Sutherland walikuwa wameeleza skramu, utaratibu wa kuigawa kazi katika vipindi vifupi, ambavyo timu nyingi huvifanya vya wiki mbili mbili. Lugha hiyo imeenea Nairobi, na wafadhili wa miradi nao wameizoea.

Mfugaji wa Kisomali hahitaji kufundishwa wazo hilo. Kaya haihamishi mifugo yote kwa kusikia tu kwamba mvua imenyesha mahali fulani. Hutumwa sahan, watu wachache wanaoijua ardhi, waende wakatazame nyasi, maji, maradhi na hali ya usalama, warudi na habari, ndipo wazee waamue. Na anayetumwa ni mtu wa humo humo: akikosea, ngamia watakaokufa ni wa ukoo wake.

Faida ya kazi ya namna hiyo imeonekana nchini mwetu. Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom walianza majaribio ya huduma ya simu Nairobi na Thika, wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji kulipa mikopo midogo bila kubeba noti, na wateja wa majaribio hawakufika 500. Walichokigundua ni kwamba watu walikuwa wakitumiana pesa wao kwa wao, kwa sababu ambazo hakuna aliyeziandika katika mpango. Mpango wa mikopo ukawekwa kando, na Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kwa nchi nzima kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani. Waraka wa mwanzo ungeshikiliwa neno kwa neno, tungepata chombo cha kukusanyia madeni.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni bima ya mifugo. Januari 2010 taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI na washirika wake walianzisha Marsabit bima inayotegemea setilaiti. Setilaiti hupima ukijani wa ardhi, na ukishuka chini ya kiwango fulani, wote wenye bima katika eneo hilo hulipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Mkataba wa kwanza ulikadiria vifo. Maana yake, pesa zilifika msimu ukiwa umekwisha na ng'ombe ameshakufa. Lakini pesa za kununua ng'ombe mwingine baada ya ukame, wakati kila mtu anatafuta wa kununua, hazilingani na pesa za nyasi, maji na dawa wakati ng'ombe wako bado amesimama. Mkataba ukageuzwa, ukawa unalipa malisho yanapokosekana. Wajir kulikuwa na swali jingine, la dini: Mwislamu anawezaje kuingia katika bima yenye shaka ya riba? Mwaka 2013 Takaful Insurance of Africa ikaileta kwa misingi ya sharia, na Machi 2014 wafugaji wa Wajir wakapata malipo yao ya kwanza. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wake, ikianzia Wajir na Turkana, ikafuata njia hiyo ya kulipa mapema.

Tazama muda uliotumika. Kuanzia 2010 hadi 2015 ni miaka mitano, na somo lenyewe haliji kila wiki mbili. Huku mvua ni mara mbili kwa mwaka, gu' ya Machi hadi Mei na deyr ya Oktoba hadi Desemba, na mwaka mwingine zote mbili hukosa. Mtu hawezi kujua kama bima yake inafaa kabla mvua haijakosa. Timu inayokuja Garissa Juni, ikaonyesha programu Julai na kuondoka Agosti ikisema imesikia maoni ya watumiaji, imesikia maoni ya msimu mmoja tu. Mimi ningependa kila mfumo wa ukame, wa maji au wa mifugo upitishwe katika gu' na deyr kabla haujatangazwa kuwa umefaulu, hata kama mfadhili anahimiza ripoti.

Basi njia ya hatua fupi inafaa, lakini ina masharti mawili ambayo wanaoinadi hawayasemi kwa sauti. Kwanza, anayeumia lazima asikike na anayeunda kabla hatua ya pili haijapigwa. Pili, kosa liwe linafutika. Kitufe kikiwekwa mahali pabaya, kesho kitahamishwa na hakuna aliyekufa. Yapo makosa ambayo hayahamishiki, na eneo letu linayajua kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya.

Kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilifunguliwa kuanzia 1991 kwa ajili ya watu 90,000. Kufikia ukame wa 2011 zilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Pembeni mwa kambi kulikuwa na Wakenya waliopoteza mifugo yote, na wengi wao walifanya ambalo mzazi yeyote angelifanya: wakajiandikisha kuwa wakimbizi ili watoto wapate mgao wa unga, dawa na shule. Vidole vikabonyezwa kwenye mashine. Miaka ikapita, mtoto akafikisha 18, akaenda kuomba kitambulisho na cheti chake cha kuzaliwa mkononi. Kidole kikabonyezwa tena, na mfumo ukajibu kwamba huyu ni mkimbizi. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna akaunti ya benki, hakuna ajira rasmi, na kizuizi cha polisi kilichoko barabarani ni jambo la kuhofiwa kila safari. Mashirika ya haki yamekadiria watu wa namna hiyo kuwa 40,000. Mwaka 2021 shirika la Haki na Sheria la hapa Garissa, pamoja na watu watatu walioathirika, liliipeleka serikali katika Mahakama Kuu ya Garissa.

Ninaomba wasomaji wetu wahandisi wakae na jambo hili kidogo, kwa sababu ndani yake hakuna programu iliyoharibika. Kifaa kilisoma kidole sawasawa. Hifadhidata ilitunza sawasawa. Ulinganisho wa rekodi ulikuwa sahihi. Oktoba 2013 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na UNHCR, lile la wakimbizi, walipoanza kukagua vidole wakati wa kugawa chakula katika kambi za Dadaab na Kakuma, waliokoa zaidi ya dola milioni moja kwa mwezi, na kwa kipimo chochote cha ajaili hayo yalikuwa mafanikio: programu inafanya kazi, matokeo yamekuja haraka, mteja ameridhika. Ila mteja katika maneno hayo ni yule anayelipa na kukaa mezani programu inapoonyeshwa, naye yuko Roma, Geneva au Nairobi. Mama aliyepanga foleni Ifo hakuwa mteja wa mtu. Wala hakuna aliyemsemea mtoto wake, ambaye mahitaji yake yangejitokeza miaka kumi baadaye. Vipindi vya wiki mbili huona vizuri kilicho karibu. Mlango wa kutokea, namna Mkenya atakavyofutwa katika orodha ya wakimbizi, haukuwa kazi ya kipindi chochote.

Ugumu wa kosa hili unazidi kwa sababu ya historia. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walisailiwa uraia wao na kupewa kadi ya ziada ya rangi ya waridi, jambo ambalo hakuna jamii nyingine iliyotakiwa kulifanya. Kijana anayeambiwa leo na mashine kwamba si wa hapa anasikia sauti ambayo babake aliisikia.

Wapo watakaosoma haya wakasema, kumbe turudi kwenye mpango mkubwa, kila kitu kiandikwe mwanzoni. Sikubaliani nao. Tarehe 4 Machi 2013, siku ya uchaguzi mkuu, vifaa vya kuwatambua wapiga kura vilikwama katika vituo vingi, na upelekaji wa matokeo kwa mtandao ukaanguka hadi hesabu zikarudi kwenye karatasi. Vifaa hivyo vilikuja kwa zabuni kubwa, vikachelewa, na muda wa kuvijaribu mahali padogo haukuwepo. Huduma Namba, mradi wa serikali wa namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, ilibeba ubaya wa pande zote mbili. Watu waliandikishwa nchi nzima kwa wiki chache mwaka 2019, na sheria ya kulinda data ikapitishwa Novemba, alama za vidole zikiwa zimeshachukuliwa. Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema mradi usiendelee bila kanuni kamili, na Oktoba 2021 ikaubatilisha utoaji wa kadi kwa sababu tathmini ya athari kwa data za watu haikufanywa. Waingereza nao, matajiri kuliko sisi, waliuanza mfumo wao wa ruzuku wa Universal Credit wakijisifu kuwa ni ajaili, na Septemba 2013 mkaguzi wao wa taifa akaeleza jinsi mradi ulivyoyumba.

Kuna jambo jingine katika tamko la 2001 linaloleta shida huku. Lilithamini programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nyingi. Kwa timu inayokaa ofisi moja miaka kadhaa, sawa. Lakini Garissa ofisa huhamishwa, mradi huisha fedha zikiisha, na kijana aliyeunda mfumo hupata kazi Nairobi. Kilichokuwa kichwani mwake huondoka naye. Mwaka unaofuata kaunti inatangaza zabuni ya mfumo ule ule. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 nayo hutaka maelezo kamili na bei iliyotajwa, kwa hiyo mkandarasi huahidi mfumo mzima kwenye karatasi, kisha ukikwama husema kazi ni ya hatua kwa hatua na bado anaboresha. Mteja hana pa kumshika. Nyaraka ndiyo kumbukumbu pekee ya umma, na hapa ningewaomba wahandisi wetu waliasi tamko hilo bila aibu.

Na sauti ya anayeumia? Nenda dukani kwa wakala siku ya malipo ya msaada. Mama mzee anaweka kidole gumba kwenye kioo, mashine inakataa. Wakala anafuta kioo kwa upindo wa shati, anamwomba mama afute kidole kwa mtandio, wanajaribu cha shahada, wanajaribu mkono wa kushoto. Ngozi imesuguliwa na kamba za kisima na kuni za miaka hamsini, mistari haipo. Foleni nyuma inanung'unika. Kwenye skrini kuna maneno mawili tu, jaribu tena. Hakuna mahali pa wakala kuandika kwamba mama huyu anamfahamu tangu utotoni, hakuna namba ya kupiga inayojibiwa kwa Kisomali, hakuna njia kwa habari hiyo kumfikia aliyeandika programu. Atakapokaa katika kikao chake cha mwisho wa kipindi, ataona hesabu ya malipo yaliyopita. Yaliyokataliwa yatakuwa asilimia ndogo, na asilimia ndogo haina mtandio wala jina la kijiji.

Kwa hiyo yeyote anayeweka saini mkataba wa mfumo kwa ajili ya kaunti hizi tatu aulize nani ataketi mezani programu inapoonyeshwa, na asikubali jibu la kwamba maoni yatakusanywa baadaye. Aulize mtu akiingizwa kimakosa atatokaje, kwa siku ngapi, kwa saini ya nani, na ofisi hiyo iwe Garissa, Wajir au Mandera. Hatua ya kuchukua alama za vidole iwe ya mwisho kabisa, baada ya njia ya kuzifuta kujaribiwa na kuonekana inafanya kazi. Programu ya vitufe na rangi waibadilishe kila wiki wakipenda.

Februari 2025 Rais alitia saini mjini Wajir agizo la kuondoa usaili wa ziada kwa waombaji vitambulisho wa kaunti za mipakani. Ni hatua tuliyoingoja miaka mingi. Lakini agizo ni karatasi, na hifadhidata haisomi karatasi. Lazima mtu aingie ndani yake, rekodi kwa rekodi, awatenganishe Wakenya na orodha ya wakimbizi. Kazi hiyo inaweza kuanza kwa kipande kidogo, tarafa moja, wazee wakiwa wameketi karibu na mhandisi. Watoto walioandikishwa katika ukame wa 2011 wakiwa mikononi mwa mama zao watakuwa wakifikisha miaka 18 hadi mwaka 2029.