Obama Kaapishwa, Mimi Nimeshonwa

Mlioniuliza kwa nini nimekuwa kimya tangu mwaka uanze, jibu ni ngiri. Siku ile tunapakia spika kwenye pikapu baada ya mkutano wa Desemba, nilisikia kitu kimechomoka chini ya tumbo, upande wa kulia. Nikajifanya mwanaume, nikaendelea kubeba. Katikati ya Januari nikajikuta mezani, ganzi ya mgongoni, taa usoni. Upasuaji mdogo, wanasema. Ni mdogo kwa aliyeshika kisu, bana. Kukohoa ni adhabu, kupiga chafya usiseme, na kucheka ndiyo kabisa.

Kwa hiyo Jumanne ya Januari 20, saa mbili usiku, nilikuwa nimelala chali sebuleni kwa mama mdogo, mto umekandamiza tumbo, tunamtazama Barack Obama akiapishwa Washington. Jaji Mkuu Roberts alipoyachanganya maneno ya kiapo (kesho yake ilibidi kirudiwe Ikulu), kamanda mmoja wa tawi letu akaruka: "Wameshaanza kuiba hao!" Nyumba nzima ikacheka. Mimi nikalia machozi, ya kweli.

Baadaye yule yule kamanda akauliza swali ambalo limenikaa kuliko hata nyuzi: "Sasa sisi Obama wetu atatoka lini?" Watu wakaitikia kwa kichwa. Mimi pia. Ila tangu siku hiyo nimekuwa na muda mwingi wa kulala na kusoma, na sasa naona swali lenyewe limekaa vibaya.

Novemba 4, pale Grant Park, Chicago, kamera zilimkuta mzee mmoja kwenye umati, kidole mdomoni, machozi yanatiririka. Ni Jesse Jackson. Wengi wetu tunamjua kama mchungaji aliyekuwa na Martin Luther King, au yule wa Julai 2008, aliyenong'ona mbele ya kipaza sauti alichodhani kimezimwa kwamba anatamani kumkata Obama sehemu nyeti. (Aliomba radhi. Mimi niliyetoka kukatwa maeneo ya jirani na hapo nasema radhi haitoshi, lakini tuyaache.) Kilichonishtua ni alichokifanya miaka 20 kabla ya machozi yale.

Jackson aligombea urais kupitia Democrats mara mbili, akashindwa mara mbili. Mwaka 1984 alipata zaidi ya kura milioni 3 kwenye mchujo wa chama, kama asilimia 18 ya kura zote. Lakini ilipofika kugawa wajumbe wa mkutano mkuu, ambao ndio humpitisha mgombea, fungu lake lilikuwa dogo kuliko hiyo asilimia. Kanuni zilikuwa zimetengenezwa zimbebe aliye mbele: sehemu nyingine aliyeongoza aliondoka na wajumbe wote wa eneo zima, wa pili akaambulia makofi. Akarudi 1988. Safari hii alipata karibu kura milioni 7 na akawa wa pili nyuma ya Michael Dukakis. Wa pili, yaani tena hakupata kitu.

Angeweza kususa. Angeweza kwenda Atlanta, ulikofanyika mkutano mkuu wa mwaka huo, akapiga hotuba (na alipiga, watu wakalia), kisha akarudi nyumbani kulalamika kwamba wazungu wamemwonea. Badala yake watu wake walikaa mezani na watu wa Dukakis wakadai jambo kavu lisilopendeza kwenye fulana: wajumbe wagawanywe kwa uwiano wa kura, kila jimbo, bila ujanja. Wakakubaliwa. Kuanzia 1992 ikawa sheria ya chama: ukifikisha asilimia 15 ya kura, unapata fungu lako.

Dukakis akashindwa na Bush. Jackson hakugombea tena. Kanuni ikabaki kwenye makabrasha.

Sasa njoo Februari 5, 2008, siku ambayo majimbo zaidi ya 20 yalipiga kura kwa mkupuo. Hillary Clinton alishinda California, New York, New Jersey, Massachusetts. Ukitazama ramani utasema mchezo umekwisha. Lakini New Jersey, jimbo kubwa, ilimpa wajumbe 59 na Obama 48, faida ya 11. Idaho, jimbo la viazi ambalo watu weusi ni wachache mno, ilimpa Obama 15 na Hillary 3, faida ya 12. Kijimbo kidogo kikafuta jimbo kubwa! Kama ingekuwa mshindi anabeba vyote, Hillary angeondoka na California nzima na New York nzima, na nadhani leo tungekuwa tunazungumzia rais mwingine. Kwa Republicans, ambako majimbo mengi yalikuwa bado yanampa wajumbe wote aliyeongoza, John McCain alikuwa amemaliza kazi mwanzoni mwa Machi.

Kwa hiyo yule mzee aliyekuwa analia Grant Park hakuwa mtazamaji. Alikuwa anaangalia mti alioupanda yeye. Na kabla yake alikuwepo mama Shirley Chisholm wa Brooklyn, mwanamke mweusi wa kwanza kuingia bungeni kwao, aliyegombea urais 1972 akaishia na wajumbe kama 152 huku hata baadhi ya wanasiasa weusi wakimwona anapoteza muda. Kabla yake kuna Selma, Machi 1965, John Lewis akapasuliwa fuvu na polisi kwa kudai haki ya kupiga kura. Agosti mwaka ule ule Rais Johnson akasaini Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Lewis alikuwepo jukwaani Januari 20, wakati huo akiwa mbunge.

Na wala tusidanganyane kwamba Marekani imepona. Dokta wangu aliponiona juzi nikitembea kwa mbwembwe alinikemea: ngozi hufunga haraka, nyama ya ndani ndiyo inachelewa, kwa hiyo wiki sita sitakiwi kunyanyua hata ndoo ya maji. Obama kwenye uchaguzi wa Novemba alipata kama asilimia 43 tu ya kura za wazungu. Halafu kuna hili ambalo sikuliona gazetini kwetu: yeye ndiye alikuwa seneta mweusi pekee kati ya 100. Alipojiuzulu useneta mwezi huo huo wa Novemba ili ajiandae kuingia Ikulu, Seneti ikabaki bila mweusi hata mmoja, mpaka alipoapishwa Roland Burris Januari 2009, naye kwa kuteuliwa na gavana, si kwa kupigiwa kura. Rais mweusi alikuwepo, seneta mweusi wa kuchaguliwa hakuwepo. Mshono mzuri sana kwa nje.

Turudi kwetu, na hapa najisema mwenyewe kwanza. Kanuni za uteuzi wa wagombea za chama chetu zipo mezani zinapitiwa, na uchaguzi mkuu unakuja. Kwenye kikao cha mwisho cha vijana, ajenda hiyo ilipofika, nusu ya ukumbi ilitoka kwenda kunywa chai. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye foleni ya chai. Tulirudi wakati wa kuimba. Halafu mwaka ukigeuka ndio sisi tutakaopiga kelele kwamba wazee wamepachika watu wao.

Chukua viti maalum vya wanawake bungeni. Vinagawanywa kwa vyama kwa uwiano wa kura. Maana yake kura aliyotupa mama wa jimbo tulilobwagwa vibaya haijapotea, inamwingiza mtu bungeni. Nani anaingia kwenye ile orodha, nani anaipanga, na dada zetu wa matawini wana kura gani juu yake? Nimeuliza watu wanane waliokuja kunijulia hali, wote makamanda wa kutegemewa. Mmoja tu ndiye aliyejua, na hakufurahishwa na anachokijua.

Kikao kinachofuata ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, palepale. Nimemwomba katibu aiweke ajenda ya kanuni iwe ya kwanza, kabla ya chai. Nitakuja kwa bajaji taratibu na mto wangu, nitakaa karibu na mlango. Rasimu ina kurasa 14, nimetoa nakala 20, mwenye nafasi apitie nyumbani achukue asome kabla. Na spika atafuteni mtu mwingine wa kubeba.