Kovu la moto usoni si aibu



Naomba nafasi katika ukurasa huu ili nitoe dukuduku langu kuhusu jinsi tunavyowatendea wenzetu walioungua moto usoni.

Wengi hudhani kwamba kidonda kikishafunga mgonjwa amepona. Sivyo. Kovu la mguuni hufunikwa kwa nguo, lakini la usoni huonwa na kila mtu hata kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono darasani huanza kuketi nyuma na kuinamisha kichwa. Msichana huvuta kitenge mpaka machoni, haendi mnadani, haendi kanisani, na mwisho haji shule. Huyo hakuachishwa na moto, ameachishwa na macho na midomo yetu. Jina alilopewa na wazazi linasahauliwa, anaitwa kwa kovu lake.

Huku Mbulu nyumba nyingi bado zinapikia kuni kwenye mafiga, moto ukiwa sakafuni. Wapo ndugu zetu wenye kifafa ambao huangukia humo. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyewatibu wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, alikuta watu wakiogopa kumgusa aliyeanguka, hata kama ameangukia motoni, wakidhani wataambukizwa. Ukweli ni kwamba kifafa hakiambukizwi kwa kumgusa mgonjwa wala kwa povu lake. Aliyeachwa aungue hubeba aibu mbili, ya ugonjwa na ya uso, na zote mbili tumemtwika sisi.

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta liliwaka Msamvu, Morogoro, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Taifa zima lililia. Je, wanaobaki hai na makovu katika ajali kama hizo machozi yanawatosha?

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, walimu wenzangu, kabla mtoto aliyeungua hajarudi shuleni tuzungumze na darasa zima, na majina ya kejeli yapigwe marufuku. Lakini huruma ya kupindukia nayo ni dharau. Aulizwe maswali, apewe zamu ya kufagia na akikosea asahihishwe kama wengine. Hapo ndipo atakapojua kwamba bado ni mwenzao.

Pili, wazazi wasiwafiche watoto ndani. Kope isiyofumba au shingo iliyovutwa na kovu inaweza kurekebishwa kwa upasuaji, na upasuaji huo hufanywa humu nchini, kwa mfano CCBRT, Dar es Salaam. Waganga nao wazungumze na mgonjwa jinsi ya kuwakabili watu, kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani.

Tatu, tujikinge. Tuinue majiko na kuwazuia watoto wasikaribie moto. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Asipakwe dawa ya meno wala kinyesi cha ng'ombe.

Wazee walisema, hujafa hujaumbika. Anayemcheka mwenye kovu leo hajui moto wa jioni utamkuta nani. Natoa mwito kwa serikali za vijiji nchini kote zilizungumze jambo hili katika mikutano ya hadhara.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Maretadu, Mbulu.