Kelele za ekzosi: Sheria tunayo, sasa tuanze kupima

Miongoni mwa maovu ambayo jamii yetu imeyazoea kiasi cha kutoyahesabu tena kuwa maovu ni kelele za bomba la moshi la gari na pikipiki, yaani ekzosi. Mjini Kitale, ambako barabara ya kutoka Eldoret hukutana na ile inayopanda kutoka Webuye kwenda Kapenguria na Lodwar, na mjini Bungoma, ambako malori ya masafa marefu hupita mchana na usiku yakielekea mpaka wa Malaba, mngurumo wa injini umekuwa kama sehemu ya hali ya hewa. Watu hulalamika, hupandisha sauti ili wasikizane, kisha huendelea na shughuli zao.

Gari lenye sailensa nzima si tatizo kubwa. Tatizo ni chombo ambacho mwenyewe amekitoboa, amekikata au amekiondolea sailensa kwa hiari yake. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zimewapa riziki vijana wengi wa Trans Nzoia na Bungoma, nalo ni jambo la kupongezwa. Lakini pamoja na neema hiyo ilikuja fasheni ya kuifanya pikipiki ya abiria ingurume kama gari la mashindano. Matatu nazo hazikubaki nyuma.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, hatuna budi kwanza kuelewa kazi ya sailensa. Injini hutoa moshi kwa mapigo: kila vali inapofunguka, hewa moto yenye shinikizo kubwa huchomoka ghafla. Ndani ya sailensa mna vyumba na mabomba yenye vitundu ambamo mawimbi ya sauti hurudishwa nyuma, yakakutana na mengine na kudhoofishana. Katika aina nyingine, sauti hunyonywa na sufi ya nyuzi za kioo. Anayetoboa sailensa, kwa hiyo, haongezi chochote. Anaondoa kizuizi kilichowekwa na mhandisi kwa makusudi. Dai la kwamba injini hupata nguvu zaidi halina msingi imara, kwa kuwa pikipiki ndogo hupangiwa mchanganyiko wake wa petroli na hewa kulingana na ekzosi iliyotoka nayo kiwandani. Ukibadilisha kimoja bila kingine, mara nyingi unapata kelele na hasara.

Sauti hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake huwapotosha wengi. Desibeli 10 zaidi si nyongeza ndogo: ni nguvu ya sauti mara kumi, na sikio huihisi kama ukubwa maradufu. Kadhalika, kila umbali unapoongezeka maradufu, mahali pa wazi, sauti itokayo kwenye chanzo kimoja hupungua kwa takriban desibeli 6.

Mwalimu wa fizikia anaweza kuigeuza kanuni hii kuwa somo. Tuchukue pikipiki iliyotobolewa sailensa ambayo, ikipimwa nusu mita kutoka kwenye ekzosi, inatoa desibeli 100. Kwenye mita 8 itakuwa na desibeli 76, kwenye mita 16 desibeli 70, na kwenye mita 32 desibeli 64. Mwalimu anayesema kwa sauti ya kawaida husikika kwa takriban desibeli 60 kwa mtu aliye mita moja mbele yake. Mwanafunzi wa dawati la nyuma, katika darasa lenye madirisha wazi na paa la mabati lisilo na dari, atamsikia nani hapo? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele za chinichini darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa masomo. Tofauti kati ya 35 na 64 haihitaji mfasiri.

Wapo watakaosema kwamba mtoto wa Kiafrika amezoea kelele na hazimdhuru. Dai hili lilikwisha kupimwa kwingineko. Mwaka 1975, Arline Bronzaft na Dennis McCarthy walichapisha utafiti wao juu ya shule moja ya msingi jijini New York iliyokuwa kando ya reli. Wanafunzi wa darasa la sita waliosomea upande wa reli walikuwa nyuma ya wenzao wa upande wa utulivu kwa karibu mwaka mzima katika kusoma. Hao nao walikuwa wamezoea! Baadaye reli iliwekewa mpira na madarasa yakawekewa dari ya kunyonya sauti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1981 yalionyesha kwamba pengo hilo lilikuwa limetoweka. Tunajifunza mambo mawili: kelele huiba elimu, na elimu iliyoibwa hivyo inaweza kurejeshwa.

Je, sheria zetu zinasema nini? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila hata kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Jedwali la Nne linaukabidhi udhibiti wa kelele kwa serikali za kaunti. Nazo kanuni za kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999, zilikataza gari kutoa sauti kubwa isiyo ya kawaida na kuvuka desibeli 84 linapoongeza mwendo. Kwa ufupi, mabunge ya kaunti za Trans Nzoia na Bungoma hayana haja ya kungoja Nairobi iwafikirie.

Hata hivyo, sheria ya kelele isiyo na kipimo ni mlango wa ufisadi. Askari akisema "pikipiki yako ina kelele" na mwendeshaji akijibu "haina", anayeshinda ni mwenye kirungu, na mambo huishia kwenye kitu kidogo. Namba huwaweka wote wawili chini ya mamlaka moja. Utaratibu wa kuipata namba hiyo unajulikana duniani na si mgumu. Chombo husimamishwa mahali pa wazi, pasipo ukuta karibu. Kipaza sauti cha kifaa huwekwa nusu mita kutoka kwenye mdomo wa bomba, kwa pembe ya nyuzi 45, kwenye kimo cha bomba lenyewe. Injini ikiwa imepata joto, huzungushwa hadi mwendo uliowekwa, kisha namba husomwa. Kabla ya hapo hupimwa kelele za mazingira, nazo sharti ziwe chini ya ile ya chombo kwa desibeli 10 au zaidi, la sivyo kipimo ni batili. Umbali nao lazima utajwe daima, kwani kama tulivyoona, desibeli 100 za nusu mita ndizo 76 za mita 8.

Hapa ndipo wapenzi wa mbio za magari wanapostahili kuambiwa jambo. Nchi hii imeipenda Safari Rally tangu 1953, na iliporejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021 vijana wengi walifurahia miungurumo yake. Lakini wanaomwiga dereva wa mashindano wameiga kelele na kuiacha nidhamu. Michezo ya magari duniani ina vikomo vya sauti. Nchini Uingereza, gari la kukimbia uwanjani hupimwa kwa namna hiyo hiyo niliyoieleza, kikomo cha kawaida kikiwa desibeli 105 kwa nusu mita, na linalozidi huzuiwa kuingia. Ikiwa hata uwanja uliojengwa kwa ajili ya mbio unadai kipimo, itakuwaje barabara inayopita mbele ya hospitali na shule iwe holela?

Yapo pia madai ya usalama: kwamba kelele humwonya anayetembea kwa miguu. Lakini mdomo wa ekzosi huelekea nyuma, ilhali hatari ya pikipiki iko mbele. Taa inayowaka na koti la kuakisi mwanga hufanya kazi hiyo vyema zaidi, na halimwamshi mgonjwa. Isitoshe, anayeumia kwanza ni mwendeshaji mwenyewe. Kanuni za viwandani za mwaka 2005 zilikataza mfanyakazi kukabiliwa na zaidi ya wastani wa desibeli 90 kwa saa 8. Bodaboda si kiwanda, lakini sikio la mwendeshaji si la chuma.

Nini kifanyike? Haifai kuanza kwa msako na kukamata pikipiki za watu maskini. Kaunti hizi mbili zingeanza kwa kununua vifaa halali vya kupimia na kuwafunza maafisa wachache wa mazingira. Kisha utolewe muda wa msamaha, tuseme miezi mitatu, ambapo kila mwendeshaji atapimiwa bure kupitia chama cha steji yake. Mafundi wa jua kali, ambao wanajua kuchomelea vizuri, wapewe kazi ya kuziba matundu na kurejesha sailensa. Faini ifuate baadaye, na imfikie pia fundi anayetoboa.

Shule nazo zisisubiri. Chama cha wanafunzi wa sayansi kinaweza kuweka daftari la kelele: saa, chombo kilichopita, umbali wa barabara na kipimo cha simu. Namba za simu hazitakubaliwa kirahisi kortini, kwa kuwa kifaa hicho hakijasanifishwa, lakini zinatosha kuonyesha ni saa ngapi na ni wapi kelele huzidi. Mwalimu mkuu anayefika mbele ya kamati ya bunge la kaunti akiwa na daftari la muhula mzima hatapuuzwa kama aliyekuja na malalamiko matupu. Mitihani ya kitaifa huja kila mwaka. Itakuwa aibu mtahiniwa akose alama kwa swali ambalo hakulisikia lilipofundishwa.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe, safari hii, ni tundu dogo kwenye bomba la chuma, na fundi wa kuliziba yuko mtaani Kitale na Bungoma akingoja kazi.